Yasin Tatu Hadi Ouani

Mhudumu wa ndege alitangaza kwamba safari ya kutoka Hahaya hadi Ouani ingechukua dakika thelathini na tano, akatutaka tufunge mikanda. Mimi nilikuwa nimeshaufunga wangu, na midomo ilikuwa imeshaanza kwenda yenyewe. Bwana aliyekaa kando yangu alinitupia jicho, kisha kwa adabu akageukia dirisha. Nadhani aliniona mama mtu mzima anayeogopa ndege. Siogopi ndege. Nimepanda nyingi, na kubwa kuliko ile. Ninachokiogopa ni kile kipande kimoja cha anga kati ya visiwa vya Ngazidja na Ndzuani, ambacho nilikuwa sijakipita tangu nina miaka sita. Baba yangu aliniita Mutsamudu, mji wa kwao huko Ndzuani, mara nyingi katika uhai wake, na kila mara nikapata udhuru. Sasa nilikuwa nakwenda kwenye khitma yake.

Wenzangu wa rika langu watakumbuka ndege za zamani zile, ndogo, zenye kelele, ambazo hukupandishwa mpaka upimwe uzito hadharani, wewe na mzigo wako. Bibi yangu, mama wa mama yangu, alipoambiwa apande mizani pale Hahaya, uwanja wa ndege wa Moroni, aliuliza kama ameonekana ni gunia la karafuu. Akapanda hata hivyo, mkoba kaukumbatia, na alipoambiwa aushushe akakataa, kwa kuwa ndimo kilimokuwa kitabu chake cha Yasin. Bibi alizaliwa Unguja, akaja Moroni akiwa mwanamke mwenye watoto, na Kiswahili chake ndicho kilichotawala nyumbani kwetu. Shingazidja, lugha ya kisiwa chetu, tulikisema tukishavuka mlango.

Kwetu mtu akisafiri, wanawake waliobaki nyumbani humsomea Yasin mpaka afike. Kwa wasafiri wa meli, alisema Bibi, kazi hiyo haikuwa na mwisho: unasoma siku ya tatu na hujui kama unamsomea aliye hai. Ndege ilimpendeza kwa sababu ilikuwa na kipimo. Ikipita juu ya paa letu la Badjanani, mtaa wa kale wa Moroni, anaanza. Akimaliza ya tatu, bila haraka na bila kuburuta, magurudumu yanagusa Ouani. Mume wa shangazi yangu, aliyekuwa na lori la karafuu na akipita uwanja wa Ouani karibu kila siku, alimthibitishia kwamba hesabu hiyo haikosei.

Shuleni mwalimu alipouliza Moroni na Mutsamudu ziko mbali kiasi gani, nilinyoosha kidole kabla ya wote nikajibu Yasin tatu. Darasa zima lilicheka. Mwalimu akaandika kilomita ubaoni akaniamuru nizinakili mara kumi, nami nikanakili bila kuziamini hata moja. Imani yangu ilikuwa kwamba kisomo ndicho kinachoishikilia ndege juu, na kwamba Bibi akinyamaza katikati, itaanguka. Baba akiwa angani nilikaa miguuni pa Bibi nikihesabu kwa vidole. Akikohoa, na mimi pumzi zilinikatika.

Baba alikuwa mtu wa Mutsamudu aliyeoa Moroni. Kwetu nyumba ni ya mwanamke: ile ilijengwa kwa ajili ya Bibi, ikawa ya Mama pia, na siku moja ingekuwa yangu. Mume huingia kama mgeni wa heshima, na vitu vyake vya maana hubaki kwa mama yake au dada yake. Baba alikuwa na kanzu mbili kwetu, kofia, na wembe. Yeye na Bibi, kwa kuwa ni wakwe, hawakutazamana usoni wala hawakusemeshana moja kwa moja. Maneno yao yalipita kwangu hata walipokuwa chumba kimoja. Mwambie baba yako chai iko tayari. Mwambie Bibi ahsante. Nilikuwa mkalimani wa watu wawili wanaosikiana vizuri kabisa, na nilijiona mtu muhimu sana katika ile nyumba.

Wakati wa serikali ya vijana, ile ya mapinduzi iliyowapa vijana amri ya mitaa, Baba alikuwa karani wa kamati ya mtaa. Kosa lake lilikuwa kujua kupiga taipu. Vijana walitaja majina, yeye akayapiga: nani kahudhuria mkutano, nani hakuhudhuria, nani kafanya harusi kubwa ilhali imekatazwa. Kisha wazungu wakaja kwa bahari, askari wa kukodiwa, kundi dogo tu lenye bunduki, na kulipokucha serikali ilikuwa nyingine. Mji ulicheza ngoma. Bibi naye alipiga vigelegele barabarani, kwa kuwa sasa mabinti wangeolewa kwa harusi za kweli. Ilimchukua siku kadhaa kukumbuka kwamba mkwe wake alikuwa mtu wa taipu.

Watu wakaanza kuchukuliwa mmoja mmoja. Mwalimu wa mtaa wa chini, ambaye kazi yake ilikuwa kuyasoma mikutanoni yale majina aliyoyapiga Baba, alirudi baada ya wiki tatu akiwa hawezi kushika kijiko. Mkewe alimlisha barazani, mchana, watu wakipita, na hakuna aliyeuliza kitu. Gari la wale wazungu likisikika, kina mama walishusha sauti hadi lipite. Baba aliacha kula. Mama akawa anapika chungu kidogo, na hata hicho kikabaki.

Ikaamuliwa Baba arudi kwao. Mume wa shangazi angemngoja Ouani na lori, ampandishe milimani kwa ndugu ambao hakuna wa serikali anayewajua. Kilichotakiwa ni muda mfupi tu: ndege ifike, ashuke, apande lori, lori lipite kona ya kwanza ya barabara ya juu. Akishapita pale, amepona. Haya yote nimeyajua baadaye. Mimi niliambiwa anakwenda kumwona mama yake mgonjwa, na nikafurahi kwamba kuna safari ya kuhesabu.

Asubuhi ile Mama alimsindikiza kwa teksi. Kabla hawajatoka, Baba alifanya kitu ambacho sijawahi kukiona. Alimsogelea Bibi, akamtazama usoni, akasema naye mwenyewe.

"Mama, nakuacha na dua."

Bibi alishika mtandio kana kwamba upepo unataka kuuchukua. "Nenda, mwanangu," akamwambia.

Nilinuna. Nilikuwa nimesimama hapo hapo katikati yao na hakuna aliyenihitaji.

Ndege ilipita, tukaiona kutoka darini, ikainama kidogo kuuzunguka mlima na kutokomea. Bibi alishuka akakaa kwenye mkeka wa sebuleni, akaanza. Ya kwanza ilikwenda vizuri. Katikati ya ya pili nikasikia gari likizimwa kwenye kiwanja cha mtaa, maana magari hayawezi kuingia vichochoro vya Badjanani, halafu buti juu ya mawe. Vichochoro vile vina mwangwi. Unazisikia buti muda mrefu kabla hujajua zinakwenda kwa nani, na kila nyumba zinayoipita inashukuru.

Walikuwa wanne: mzungu mmoja, askari wetu wawili wenye nguo nyeusi, mmoja wao amebeba redio mgongoni, na kijana mkalimani, mwenyeji wa mji wa Ntsoudjini. Bibi alimjua mama yake kijana yule. Walikuwa wakisalimiana sokoni Volo Volo. Kijana alisimama mlangoni, akakiona kitabu, akasita.

"Koko, tuwie radhi," alisema, kwa jina ambalo Wangazidja humwitia bibi. Alikuwa anamtafuta baba yangu, akasema, kwa maswali mawili matatu tu.

Bibi hakuinua uso. Sauti yake haikupanda wala haikushuka. Kijana akamgeukia mzungu, na kwa Kifaransa changu cha shule nikaelewa kwamba alikuwa anamweleza kuwa mwanamke huyu yumo katika kisomo na si vizuri kumkatiza. Nilidhani mzungu atapiga kelele. Badala yake alikaa kwenye kizingiti, akafungua kamba za buti zake bila haraka, akaziweka sambamba ukutani, akaingia kwa soksi. Alikaa mkekani, akaikunja miguu yake mirefu kwa shida, akainua viganja.

Mjini walisema baadhi yao wamesilimu na wameoa. Basi nikaelewa mambo yote kwa namna yangu. Huyu alikuwa amesikia kwamba Baba yuko safarini, akaja kutusaidia kumsomea. Wale askari walioingia vyumbani na kufungua masanduku ya Mama sikuwajali. Hawakupata kitu ila kanzu moja, kwa sababu hapakuwa na kitu cha kupata, na mmoja wao, ambaye bila shaka naye alikuwa na kanzu moja nyumbani kwa mkewe, alilirudisha sanduku mahali pake. Nilimtazama mzungu. Viganja vyake vilikuwa juu, lakini macho hakuyafumba, na mara kwa mara alikuwa akiigeuza saa ya mkononi.

Bibi alimaliza ya pili akaingia ya tatu bila hata kuvuta pumzi. Na hapo akaanza kuburuta. Alizivuta aya, akazirudia, akatua mahali ambapo sijawahi kumsikia akitua. Niliudhika. Mwanamke aliyeniadhibu kwa kuruka herufi moja alikuwa anasoma kama mtoto wa chuo cha Kurani, na mbele ya mgeni. Jasho lilimtoka juu ya mdomo. Kijana wa Ntsoudjini aliegemea ukuta, macho yake chini, na sasa naamini alikuwa ameshajua anachofanya Bibi na alikuwa anamwachia.

Ya tatu ikaisha. Nilikunja kidole cha tatu na roho ikatulia: Baba kafika. Kisha Bibi akaanza upya kutoka mwanzo.

Hakuna kilichowahi kunishangaza kama kile. Nilidhani uzee umemwingia ghafla, na kwamba mgeni wetu atakaa pale na miguu yake inayomuuma, akimwombea mtu ambaye ameshashuka salama. Nikamwita, "Bibi, zimetimia." Akaendelea, na mkono wake ukanitafuta ubavuni bila kunifikia. Kazi yangu ilikuwa kupeleka maneno, na hapa palikuwa na neno zuri ambalo hakuna aliyelipeleka. Nikamgeukia mzungu, nikamwambia kwa sauti ya kujivunia:

"Baba ameshafika Ouani."

Mzungu akamtazama kijana. Kijana akajibu kitu kirefu ambacho ndani yake nilisikia bibi na chakula, na hapakuwa na neno la uwanja wa ndege. Alijaribu, nataka hilo lijulikane. Lakini jina la Ouani halihitaji mkalimani. Mzungu alishusha viganja, akavipangusa usoni kama tunavyofanya sisi tukimaliza dua, akainuka. Alivaa buti zake zote mbili na kufunga kamba. Akaniwekea mkono kichwani, kwa upole kabisa, akatoka na yule wa redio hadi kichochoroni.

Bibi aliisoma ile ya nne mpaka mwisho. Sauti yake haikuwa yake tena, na nilijua nimefanya kosa, lakini sikujua lipi.

Mama alirudi na kapu la samaki na mihogo. Alikuwa amepitia Volo Volo kusudi, aonekane mtu ambaye siku yake ni kama siku zote. Jirani alikuwa amemwahi pale kwenye kona, akamwambia kwamba mzungu alisimama chini ya dirisha lake na kulitaja jina la Ouani katika redio mara tatu. Mama hakuliweka kapu chini. Alitazama masanduku kupitia mlango wa chumba, akamtazama Bibi.

"Nani amewaambia?"

Nilifungua mdomo. Vidole vya Bibi vikanishika juu ya kiwiko na kubana mpaka machozi yakanitoka.

"Mimi," Bibi akasema. "Kijana aliniuliza yuko wapi, neno likanitoka. Uzee."

Baadaye, jikoni, aliinama mpaka uso wake ukawa sawa na wangu. Aliniambia sikusema kitu. Hata nikiwa mtu mzima, hata nikiulizwa na mama yangu, sikusema kitu, na nikikiuka atakufa na madhambi shingoni. Nilikubali mara moja. Nilidhani tunazungumzia dhambi ya kumkatiza mtu katikati ya Yasin. Kwa miaka mingi hiyo ndiyo hesabu niliyoishi nayo: Baba alikamatwa kwa sababu niliukata usomaji, kile kilichokuwa kinamshikilia kikaachia, na Bibi kwa huruma akajibebesha. Nilikuwa na miaka kumi na tatu, nimekaa darasani, somo halihusiani hata kidogo, nilipoelewa kwamba yule mzungu hakujua Baba yuko kisiwa gani mpaka mimi nilipomwambia. Niliomba ruhusa nikatoka darasani.

Baba alikaa ndani Ramadhani mbili. Alipoachiwa aliachiwa kule kule Ndzuani, na hakurudi Moroni tena. Habari kwamba aliuzwa katika nyumba ya mkewe, na mama mkwe, ilikuwa imemfikia kabla hajaona jua. Talaka ya Mama ilikuja kwa barua, kwa ndege ile ile. Iliandikwa kwa mkono, maandishi makubwa yaliyopinda, kama ya mtoto anayejifunza. Mama aliisoma amesimama, akaikunja, akaenda kupepeta mchele.

Mkiniuliza utoto wangu ulikuwaje baada ya hapo, ulikuwa kimya. Wanawake wawili waliokosana mahali pengine, mmoja angehama. Kwetu nyumba ilikuwa yao wote, na hapakuwa na kwingine pa kwenda. Mama alimpikia Bibi, akamfulia, akampeleka kwa daktari, na alimjibu alipoulizwa. Hakumwita Mama tena. Alisema "wewe" au alisubiri atazamwe. Mimi nililala katikati yao, nikajifunza kutotembea na habari ya mtu yeyote, na nilipopata nafasi ya kwenda kusoma nje niliishika kwa mikono miwili. Bibi alifariki nikiwa huko. Nilipigiwa simu siku ya pili, ameshazikwa.

Kwenye khitma, shangazi yangu alinikalisha karibu naye akanisimulia kilichotokea Ouani, kama kitu ambacho bila shaka nakijua. Abiria walikuwa wamenyang'anywa vitambulisho na wakirudishiwa mmoja mmoja. Baba alikuwa ameshapata chake. Alikuwa ameketi ndani ya lori, mume wa shangazi ameshawasha injini, wakingojea ng'ombe wa mtu avuke njia. Lango likafungwa mbele yao. Shangazi alisema lingechelewa dakika mbili tu, wangekuwa wameshapita. Kisha akasema kaka yake alikuwa mtu mwema, ila hakutaka jina la bibi yangu litajwe mbele yake mpaka anakufa, na kwa hilo yeye hamlaumu. Nilikuwa na sahani ya halua mkononi. Nilisema ndiyo, shangazi, nikaila yote.

Nilirudi Moroni siku ya tatu. Mama sasa anatembea kwa fimbo, na masikio yake ni mazima kuliko yangu. Alitaka kujua nani alikuja, nani alisoma, kaburi la Baba liko upande gani wa kaburi la mama yake. Nilimjibu yote. Akakunja pindo la leso, akalikunjua.

"Baba yako nilimsamehe zamani," akasema. "Yeye aliambiwa, akaamini. Mama yangu ndiye sijamsamehe."

Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mengi, tangu angani. Yaliyotoka yalikuwa machache.

"Mama, Bibi hakusema. Ni mimi niliyesema."

Hakunikemea wala hakulia. Aliniuliza nilikuwa na umri gani siku ile, ingawa yeye ndiye aliyenizaa. Nikasema saba. Akaitikia kwa kichwa, akatazama mlango wa chumba alichokuwa akilala Bibi, ambacho siku hizi tunaweka magunia.

"Siku yake ya mwisho aliniita nikae naye," akasema. "Nilimwambia nina nguo za kufua."